Jumatatu Tuliyotafuta Kaburi

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka niliamka nikiwa nimeshaondoka. Mwili ulikuwa bado kitandani, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka moja Sumbawanga mjini, lakini miguu ilikuwa inawasha. Wanaonijua wanaijua hali hiyo. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na tangu hapo sijakaa mahali mpaka wenyeji wakanichoka. Nimepaka chokaa nyumba za watu, nimepakia magunia ya mahindi, nimeziba pancha za baiskeli. Kila nifikapo nauliza maswali, na yakiisha naenda kuuliza kwingine.

Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uani. Ni Muislamu, na mumewe na wanawe wana duka na malori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na begi hilo unakwenda wapi?"

"Bado sijajua."

Aliegemea ufagio akanitazama. "Jana mmeimba hapo kanisani kwenu mpaka kuku wangu wameshindwa kutaga. Leo unakimbia na begi. Umeiba nini?"

"Sijaiba kitu, mama. Nimeamka tu."

"Haya, mwenye kuamka. Mwanangu anakwenda Laela kufuata mahindi. Panda huko nyuma, ukipaona pa kukufaa gonga bodi atakushusha." Akaingia ndani akatoka na maandazi kwenye gazeti. "Na Pasaka njema. Ukirudi chumba kipo, usiporudi nitafugia kuku."

Nyuma ya lori kulikuwa na magunia matupu, na juu ya magunia mtu na mkewe. Katikati yao walikuwa na kapu la migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, na harufu yake ilikuwa imeshapanda lori kabla yao. Mwanamume alivaa shati jepesi la mikono mifupi. Lori lilipotoka mjini na upepo wa uwanda ule kuanza kutupiga usoni, alijikunja nyuma ya kapu kama kuku aliyenyeshewa.

"Kaka," akaniuliza, "huko unakokwenda nako kuna baridi hivi?"

"Sijui ninakokwenda."

Mkewe akacheka. "Mume wangu, umepata mwenzako."

"Mwenzangu wapi? Mimi najua sana ninakokwenda. Ndiyo maana natetemeka."

Tulikula maandazi, na mpaka yanaisha nilikuwa nimeshajua habari zao, maana mimi nikiuliza sina breki. Mume ni mvuvi wa Wampembe, amezaliwa ziwani kwenye joto. Mke ni wa huku juu, kijiji kimoja upande wa Mpui, na ni mtoto pekee wa mama yake. Baba yake alifariki mwaka huu huu, mvua zilipokuwa kali. Siku ya mazishi huyu mkwe alikuwa kambini kwenye uvuvi na habari zilimkuta zimechelewa. Alifika msiba umeshaanuliwa. Mwanzoni mwa Kwaresima alirudi peke yake, akamlimia mama mkwe na kumpandia maharage ili kusafisha jina.

"Na likasafishika?" nikauliza.

"Kidogo. Alinipikia. Halafu nikaharibu. Nilisikia baridi, nikaona koti zito la marehemu limetundikwa msumarini sebuleni, nikaomba kuazima."

"Akasemaje?"

Mke ndiye aliyejibu, akimuigiza mama yake kwa sauti nzito: "'Hilo koti lina mwenyewe. Wanasema atafufuka. Basi akifufuka apitie hapa alichukue.'"

Tulicheka wote watatu, lakini mke aliacha kucheka kabla yetu. Akaniambia kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akianzisha Aleluya pale kigangoni kwao, kila Pasaka, tangu yeye mwenyewe hajazaliwa. Padri hafiki mara kwa mara, katekista huongoza ibada, na ikifika Aleluya watu wote humgeukia mama. Baada ya mazishi alinyamaza. Kanisani haendi. Katekista alipokuja kumfariji kwa habari za ufufuko, alimsikiliza vizuri, akampa chai, kisha akamwambia: "Mkishamfufua mniambie, niweke maji ya kuoga." Jana, Pasaka yenyewe, Aleluya imeanzishwa na kijana wa kwaya, akaipandisha juu mno, watu wakashindwa kuifikia.

"Na leo?" nikauliza.

Leo ndiyo siku yenyewe. Kijijini kwao, Jumatatu ya Pasaka, watu wa jumuiya huzunguka kwenye nyumba zilizozika ndani ya mwaka ule. Kwanza husali kaburini, kisha huja mlangoni na kusema, "Kristo amefufuka!" Mfiwa hujibu, "Amefufuka kweli kweli!" halafu yeye ndiye hutangulia kuipeleka salamu nyumba inayofuata. Asipojibu, hawamlazimishi. Wanaondoka kimya, na hawarudi na salamu hiyo mpaka Pasaka nyingine.

"Mimi Alhamisi narudi ziwani," mke akasema. "Asipojibu leo, namwacha na lile koti mwaka mzima. Watabaki wanatazamana."

Walipogonga bodi, na mimi nikashuka.

"Na wewe ni hapa?" mume akashangaa.

"Nataka kujua kama atajibu."

"Basi beba kapu."

Nikabeba kapu. Njia ilikata katikati ya mashamba, mahindi yakiwa yametuzidi urefu pande zote mbili. Penye uwazi niliona kitu nilichowahi kukiona kwa mbali tu: matuta ya mviringo, mengi, yamevimba kama mikate ya kumimina iliyopangwa juani. Wanayaita ntumba. Nikauliza, na yule dada akanieleza tukitembea. Wakati wa mvua wanafyeka majani, wanayalaza, wanayafunika kwa udongo mpaka linakuwa tuta. Majani yanaoza humo ndani. Juu yake wanapanda maharage, na msimu unaofuata wanalisambaza tuta lote wakapanda ulezi. Mbolea yao ni majani yale yale yaliyokuwa yanawasumbua.

"Nami nimejifunza," mumewe akajigamba. "Yale ya mama nilipanda yote. Hata kule mwisho wa shamba, nyuma ya mahindi, sikuacha tuta. Utaona, kaka. Mvuvi nimelima!"

Mama alikuwa amekaa nje ya jiko akipepeta ulezi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Binti alipiga magoti akasalimia. Mkwe alisimama mbali kidogo, macho chini kama inavyompasa mkwe, akasema shikamoo kwa sauti ya mtu anayeulizwa na polisi.

"Marahaba. Umekuja na shati lile lile," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Na huyu?"

"Ni mpita njia tu, mama," nikajibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Unapita kwenda wapi? Njia inaishia hapa."

Nikamwonyesha kapu la samaki. Alilifunua, akanusa, akasema migebuka mizuri, na kwa kuwa nimeibeba basi nikae. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona ukutani lile koti, la kijivu, mabega yake bado yana umbo la mtu.

Ngoma ilisikika kabla hata sijamaliza maji niliyopewa. Watu wa jumuiya walikuwa wanakuja na wimbo, wengi wakiwa kina mama, mbele yao mwenyekiti wao, mwanamke mfupi mnene mwenye filimbi shingoni. Mama aliweka ungo chini. Akasimama, akakung'uta kanga.

"Waambieni nimelala."

"Mama, saa hizi?" binti akasema.

"Mgonjwa basi. Chagueni." Akaingia ndani akafunga mlango.

Binti alibaki amesimama palepale mikono kichwani. Mwenyekiti alifika, akautazama mlango, akatutazama sisi, akaelewa bila kuambiwa. "Haidhuru. Tunaanza kaburini kama kawaida. Mlango tutauona tukirudi."

Tukaingia kwenye mahindi kwa mstari mmoja, majani yakitukwaruza masikio. Nilipewa ndoo ndogo ya maji ya baraka, maana mtu asiye na kazi katika msafara wa namna ile hupewa kitu. Tulitokea upande wa pili, penye uwazi, na uwazi wote ulikuwa ntumba zilizofunikwa maharage mabichi, yametoa maua meupe na ya zambarau. Palipendeza sana.

Mwenyekiti akasimama. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

"Liko wapi?"

"Lilikuwa hapa," mwanamke mmoja akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Tulisimama hivi, mahindi yalikuwa yanafika gotini, msalaba ulikuwa hapo."

"Sasa msalaba uko wapi?"

"Si ndiyo nashangaa."

Watu wakaanza kutawanyika kati ya matuta wakiwa wameinama, kama watu waliodondosha ufunguo. Mmoja akasema labda ni mbele zaidi. Mwingine akasema mbele ni shamba la watu. Mpiga ngoma akasema, "Tumezika wenyewe, kaburi halina miguu!" Mwenyekiti akamwambia asipige kelele, mama atasikia. Akamwambia hivyo kwa sauti kubwa kuliko ya mpiga ngoma.

Mimi nilikuwa namtazama mvuvi. Alikuwa ameganda. Nilifuata macho yake mpaka kwenye tuta moja, kule pembeni kabisa, refu kuliko mengine, mvua zimeliviringisha kingo. Maharage yake yalikuwa yamepita ya matuta yote, yamejaa, yamekolea kijani. Kati ya majani, karibu na ardhi, kipande cha mti kilichokatwa vizuri kilikuwa kinachungulia.

Nikamsogelea. "Ni hilo?"

"Kaka," akanong'ona, "mimi nilionyeshwa tu kwa mkono kwamba kaburi liko nyuma huko. Nilikuta tuta limeota majani, nikalipalilia. Niliona refu, nikajua labda mzee alikuwa na haraka akaunganisha mawili. Nimepanda maharage juu ya mkwe wangu."

Mahindi nyuma yetu yaliachana, na mama akatokea. Kelele zetu zilikuwa zimemtoa ndani. Mwanamke ambaye, kwa maneno ya binti yake, tangu mazishi hajakanyaga upande ule wa shamba, alikuwa amesimama hapo na viatu vya ndani.

"Mnatafuta nini kwenye maharage yangu?"

Mwenyekiti aliitia filimbi yake mdomoni kama inaweza kumsaidia. Mwisho mpiga ngoma, ambaye nadhani alipozaliwa walisahau kumpa akili ya kunyamaza, akasema: "Mama, tumekuja kaburini. Kaburi halipo."

Niliona mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Tulikuwa siku ya pili ya Pasaka, kundi la kina mama limekuja asubuhi kaburini, na kaburi halionekani. Kila mtu pale alikuwa ameisikia habari kama hiyo jana kanisani, Injili ya kina mama waliokuta kaburi la Kristo tupu.

Mama hakucheka. Alipita katikati yetu moja kwa moja, bila kutafuta, mpaka kwenye lile tuta refu. Akainama, akatenganisha majani, akauvuta ule msalaba ulioangushwa na mvua, akaufuta udongo kwa kiganja. Kisha akayatazama maharage.

"Nani amepanda hapa?"

Mvuvi akapiga magoti mbali, kwenye tope. "Ni mimi, mama. Sikujua. Nisamehe, mama, nitang'oa yote sasa hivi."

"Gusa, uone."

Binti alikuwa analia kimyakimya. Nami nilikuwa nimeshaanza kumtafutia mvuvi njia ya kutokea.

Mama alishika jani moja, akaligeuza akaangalia chini yake kama afanyavyo mkulima anayetafuta wadudu. Akashika ua. Akatazama matuta mengine, akarudi kwenye hili. "Yamestawi kuliko yote," akasema, nusu kwa nafsi yake. "Udongo umechimbwa kina, yataachaje?" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanzoni tulidhani ni kilio, binti akamkimbilia. Lakini mama aliinua uso, machozi yanatiririka, na alikuwa anacheka.

"Maharage!" akasema. "Mwanamume huyu! Maisha yake yote kanisusia maharage. Nikipika, tumbo linamsokota. Nikipika, ana safari. Leo amelala chini yake kajifunika mpaka shingoni!"

Hapo ndipo kicheko kilipotushinda wote. Mwenyekiti alicheka mpaka filimbi ikalia yenyewe mdomoni. Watu walishikana mabega. Hata mvuvi, bado yuko magotini, alitoa sauti moja ya ajabu, kati ya kucheka na kuomba msaada.

Tulipotulia, mwenyekiti akaona nafasi yake. Akasafisha koo. "Ndugu zangu, mnaona jinsi mbegu inavyo—"

"Usinihubirie," mama akamkatiza, akijifuta uso. "Nimelima tangu wewe hujazaliwa. Kila mwaka nafukia majani, kila mwaka naona yanavyotoka. Sijui kwa nini huyu nilimwona amepotea." Akauchukua tena msalaba. "Naona. Usihubiri."

"Basi sihubiri, dada." Mwenyekiti alisogea karibu, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Kristo amefufuka."

Upepo ulikuwa unapita kwenye mahindi. Mama alikuwa anauchomeka msalaba upya kwenye udongo, anaushindilia kwa mguu. Hakuinua kichwa.

"Amefufuka kweli kweli," akasema.

Halafu akanyoosha mgongo akatutazama. "Sasa mbona mmesimama kama magogo? Nani anaanzisha?"

Wote wakamgeukia yeye. Akaanzisha mwenyewe. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi, ilikatika mahali pa kwanza, akaikohoa akairudia, na Aleluya ikatoka pale kwenye maharage, chini chini, mahali ambapo kila mtu aliweza kuifikia.

Mimi nimelelewa Mkristo na nimesikia mahubiri katika miji mingi, mengine nikiwa nimesinzia. Ufufuko nilikuwa naukubali kama unavyokubali kwamba kuna bahari: wengi wameiona, huna haja ya kubisha. Siku ile ulinisogelea mpaka ukanikanyaga mguu. Niliimba na ndoo mkononi, maji yakanimwagikia suruali, na sikujali baridi.

Palizuka ubishi kidogo kuhusu maharage. Mwenyekiti aliona si heshima yaachwe. Mama akasema yataachwa mpaka yakauke, na hayatapikwa. "Ya mbegu haya. Kila nyumba ya jumuiya nitaipa ya kiganja. Mtapanda mwakani." Hapo ubishi ukaisha, maana hakuna mkulima anayekataa mbegu ya maharage yaliyostawi namna ile.

Kisha, kama desturi ilivyotaka, alitangulia yeye kwenda nyumba ya pili, ya mzee mmoja aliyemzika mkewe baada ya mavuno ya mwaka jana. Alikuwa hajabadili hata viatu vya ndani. Njiani alinigeukia.

"Wewe mpita njia, salamu unaijua?"

"Naijua, mama."

"Basi pale utaisema wewe. Yule mzee sisi ametuzoea, hatusikilizi. Mgeni atamsikiliza."

Sikuwahi kuisema salamu ile mbele ya mtu aliyeihitaji. Yule mzee alisimama mlangoni, shati limefungwa vifungo vibaya, na nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Kristo amefufuka!" Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama pembeni yangu, macho bado mekundu kwa kicheko. "Na wewe umetoka?" akamuuliza. "Nimetoka," mama akasema. "Njoo kesho nikuonyeshe kitu shambani." Mzee akatikisa kichwa, akajibu salamu yote, neno kwa neno.

Tuliporudi kutoka nyumba ya mwisho jua lilikuwa linashuka na ubaridi unapanda kutoka ardhini. Nikachukua begi langu nikaanza kuaga, nikisema nitatafuta gari barabarani.

"Gari gani saa hizi?" mama akasema. "Kumekuchwa. Utalala hapa. Si ndivyo walivyomwambia yule mgeni wa njiani katika Injili, wale wawili waliotembea naye wasijue ni Kristo?"

"Ndivyo, mama."

"Ila yule, mkate ulipomegwa tu, akatoweka, vyombo wakabaki kuosha wenyewe. Wewe usitoweke. Vyombo ni vyako."

Tulikula ugali wa ulezi kwa migebuka. Kulikuwa na maharage pia, ya matuta ya kawaida ya mwaka jana, binti akaapa. Mvuvi aliambiwa ale sana, mkulima lazima ale, na kila alipoinua tonge mama alikuwa anaanza kucheka upya. Baadaye niliosha vyombo. Walinitandikia sebuleni, mkeka na godoro jembamba, na nilipokaa juu yake meno yalikuwa yanagongana.

Mama alipita na kibatari akielekea chumbani. Akasimama. Akaangalia ukuta, kisha mkwe wake aliyekuwa anajikunyata mlangoni, kisha mimi. Akalitoa lile koti msumarini, akalikung'uta mara moja, akamtupia mvuvi.

"Lako mpaka Alhamisi."

"Mama! Asante, ma—"

"La kuazima," akasema. "Usilitie harufu ya samaki. Mwenyewe atalihitaji."

Mimi akaniletea blanketi. Nililala upande wa ukuta, chini ya ule msumari mtupu, na miguu yangu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ikatulia.